Nondo wa kijani ukutani, na kiwavi aliyemchoma mtoto

*"Habari daktari. Tunaishi Kahawa Sukari, nyumba yenye kiwanja kidogo. Nimepanda sukuma wiki, bamia (mbegu niliziletewa na dada yangu kutoka Mombasa) na mpapai, na langoni kuna ua wa oleanda na vinka. Nyuma ya nyumba kuna mibuni miwili mizee tuliyoikuta. Tangu mvua zianze, kila asubuhi nakuta nondo wa kijani ukutani chini ya taa ya nje. Ni wa aina tatu. Mmoja ni mkubwa, karibu ajaze kiganja, ana mabaka kama sare ya jeshi na rangi ya waridi kidogo. Wa pili ana kijani kilichokoza na pindo la kahawia. Wa tatu ni mdogo kama ukucha. Wiki iliyopita kijana wangu wa miaka sita alikuwa akicheza kwenye mibuni, ghafla akapiga yowe huku ameshika mkono. Ulivimba ukawa na vidoti vyekundu hadi kesho yake. Mama mkwe anasema ni vumbi la mabawa ya nondo hawa, na kwamba likimwingia mtoto machoni litampofusha. Jirani anasema ni viwavijeshi, ndio maana sukuma yangu imetoboka, ninyunyizie dawa kila mahali hadi ukutani. Chupa nimeshanunua, sijaifungua. Nifanye nini?"*

Dada, chupa hiyo iache na kifuniko chake. Swali lako limebeba mambo manne: nani aliyemchoma mtoto, nondo hawa ni akina nani, nani anatoboa sukuma, na kama dawa itasaidia. Kwa jinsi ulivyoeleza, hayo ni makosa ya wadudu mbalimbali, na nondo mkubwa unayemwogopa zaidi ndiye asiye na hatia yoyote.

Nianze na mtoto. Unasema alipiga yowe papo hapo, akiwa kwenye mibuni. Hilo ni jambo la kushika, kwa sababu hapa Nairobi msimu wa mvua kila uvimbe kwenye ngozi ya mtoto husingiziwa Nairobi fly, yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayefuata taa. Yeye hachomi wala haumi. Akipondwa juu ya ngozi, sumu iliyo mwilini mwake huunguza polepole, na kidonda huonekana baada ya saa nyingi, mara nyingi siku ya pili, kikiwa na umbo la mstari pale alipoburuzwa. Mtoto aliyeguswa na Nairobi fly hulala salama na kuamka na kidonda. Wako alilia saa ile ile akiwa katikati ya majani, kisha vikatokea vidoti vyekundu vilivyokaa pamoja. Hiyo ni alama ya kiwavi mwenye miiba.

Hapo ndipo nondo wako wa pili anapoingia, yule wa pindo la kahawia. Kuna jamii ya nondo iitwayo Limacodidae, na mmoja wao, Parasa vivida, anajulikana sana kwa wakulima wa kahawa wa Afrika Mashariki. Nondo mwenyewe ni mnene, ana manyoya, kifua chake ni kijani na mabawa ya mbele ni kijani yenye ukingo wa kahawia. Akitua huyakunja mabawa kama paa la nyumba na kunyoosha mbele miguu yake yenye manyoya. Hana sumu. Hata mdomo wa kulia hana wa maana, kazi yake ni kujamiiana na kutaga, kisha afe. Mwenye silaha ni mtoto wake.

Kiwavi wa jamii hii ni mfupi, mnene, na huteleza juu ya jani bila kuonyesha miguu, kwa hiyo mtu asiyemjua anaweza kudhani ni konokono asiye na gamba. Mgongoni ana vishada vya miiba. Kila mwiba una uwazi ndani na tezi ya sumu chini yake. Ngozi ikiugusa, ncha hukatika na sumu kuingia. Kiwavi hahitaji kufanya lolote wala hamfukuzi mtu. Mtoto amepapasa jani kwa chini akitafuta tunda la kahawa, basi.

Ikitokea tena, usisugue. Kusugua huvunja miiba zaidi na kuisukuma ndani. Chukua selotepu, ibandike taratibu mahali palipochomwa kisha uibandue, mara kadhaa, kila mara kipande kipya, ili itoke na vipande vya miiba. Halafu osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, uweke kitambaa chenye maji baridi au barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Mwasho ukizidi, mfamasia anaweza kukupa dawa ya mzio ya kunywa inayofaa umri na uzito wa mtoto, au losheni ya kalamini. Dawa ya meno, mafuta ya taa, majivu, maziwa ya mpapai, achana navyo vyote. Maziwa ya mpapai hasa huichubua ngozi yenyewe.

Kwa watu wengi maumivu hupungua ndani ya saa chache na uvimbe huisha siku moja au mbili, kama ulivyoona. Lakini kuna hali ambazo si za kusubiri asubuhi: mtoto akivimba midomo, uso au ulimi, akipumua kwa shida au kwa mlio, akitapika, akilegea au akitokwa na vipele mwili mzima mbali na pale alipochomwa, mpeleke hospitali iliyo karibu mara moja. Mwiba ukiingia jichoni pia ni hospitali, na usijaribu kuutoa mwenyewe. Na kama mkono unazidi kuwa mwekundu na moto baada ya siku mbili tatu, au umetoa usaha, hapo ni bakteria walioingia kwa kujikuna. Nenda kituo cha afya.

Mibuni yenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Vaa glavu nene na shati la mikono mirefu, kisha geuza matawi uangalie majani kwa chini. Ukiona jani limeliwa ngozi ya chini likabaki kama karatasi inayoonyesha nuru, au limemegwa ukingoni, kiwavi yuko karibu. Likate jani lote pamoja naye, uliangushe kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Angalia pia matawi na shina. Kifukofuko chake ni kigumu, cha mviringo, kimebandikwa kwenye gome, na nondo akitoka huacha kifuniko kidogo cha duara kikiwa wazi. Kikwangue kwa kisu, si kwa kidole, maana miiba ya kiwavi hubaki imefumwa humo. Kwa mibuni miwili huhitaji kitu kingine. Mwenye ekari tano za kahawa ana hesabu tofauti.

Sasa mama mkwe. Lile vumbi ni magamba. Mabawa ya nondo na ya vipepeo yamefunikwa na magamba madogo mno yaliyopangwa kama vigae, na ndiyo yanayobeba rangi. Ukimshika nondo, yanabaki kwenye vidole. Hayana sumu na hayapofushi. Yakiingia jichoni yatawasha kama vumbi lingine lolote, na mtu mwenye pumu anaweza kukohoa wadudu wakiwa wengi ndani ya chumba. Kwa hiyo onyo la kumwambia mtoto asiguse nondo kisha akafikicha macho ni onyo zuri, ila sababu yake si upofu. Mwambie mama kwa heshima kwamba mtoto ataosha mikono. Nadhani hapo mtaelewana.

Twende langoni kwa yule mkubwa. Mabaka ya kijani cha aina mbili tatu, mistari myeupe na ya waridi, mwili mnene uliochongoka nyuma, na mabawa yaliyotanuka kama ndege ya kivita akiwa ametulia: huyo karibu hakika ni Daphnis nerii, nondo wa oleanda. Mabawa yake yakinyooshwa hufika takriban sentimita 10. Unaye kwa sababu umempandia chakula. Jike hutaga kwenye oleanda, na kwenye vinka pia, na huku kwetu hutumia mimea mingine ya ukoo huo, kama mikawa ile yenye miiba inayomea porini na kwenye nyua.

Kiwavi wake huogopesha watu kuliko nondo mwenyewe. Hukua hadi urefu wa sentimita 7 au zaidi, ni wa kijani, ana pembe fupi mkiani, na karibu na kichwa ana madoa mawili ya buluu na nyeupe. Ukimgusa huinamisha kichwa na madoa yale hutokeza kama macho yanayokutazama. Ndege huahirisha kumla, na binadamu hukimbia kutafuta fagio. Hana mwiba wa kuchoma. Ile pembe ni laini. Akikaribia kugeuka hubadilika rangi kutoka kijani kuwa kahawia, hushuka chini na kujificha kwenye takataka za majani ama udongo wa juu. Watu wengi huona kiwavi wa kahawia anatembea kwenye kibaraza na kudhani ni aina nyingine kabisa.

Je, ana hasara? Kwa oleanda iliyokomaa, hapana. Atakula machipukizi, na ua utachipua tena. Kwa vinka ya kwenye chungu, ndiyo: viwavi wawili wanaweza kuumaliza mmea kwa siku chache. Wahamishie kwenye oleanda kwa kukata kitawi walichokaa. Ni hayo tu. Na nondo huyu ana sifa yake duniani: ni msafiri mwenye nguvu, na wakati wa kiangazi cha Ulaya baadhi yao huvuka bahari, mara chache hata kufika Uingereza, ambako watu husherehekea kumwona mmoja. Wewe unao ukutani bure.

Kuna jambo ambalo hukuuliza, lakini nitakuambia kwa kuwa una mtoto wa miaka sita. Kitu chenye hatari zaidi langoni pako ni ua wenyewe. Oleanda yote ni sumu, jani, ua, kijiti na utomvu, na sumu yake hushambulia mapigo ya moyo. Kiwavi wa Daphnis ana mwili unaoihimili. Mtoto hana. Sisemi uing'oe leo, mitaa mingi ya Nairobi imepandwa oleanda na watoto wanakua salama kando yake. Ninachosema ni kwamba mtoto ajue haiwekwi mdomoni, vijiti vyake visitumike kuchoma mishikaki wala kuchezea chakula, matawi yaliyokatwa yasichomwe moto, na mbuzi wa jirani asirushiwe. Mtoto akila, hata kidogo, ni hospitali mara moja, pamoja na kitawi cha kumwonyesha daktari. Kama unapanda upya, panda kitu kingine.

Yule mdogo wa ukubwa wa ukucha ndiye ningemchunguza kwa makini, kwa sababu ya bamia. Anaweza kuwa mmoja wa nondo wawili wasio na undugu wa karibu. Wa kwanza ni nondo mwembamba wa jamii ya Geometridae, wale ambao viwavi wao hutembea kwa kujikunja na kujinyoosha kana kwamba wanapima ardhi. Wenye kijani hutua wamebandika mabawa yote manne bapa ukutani, yamefunguka, unaona hadi mistari myeupe inayopita katikati. Hawa hawana shida na wewe. Wa pili ni Earias, hasa Earias insulana. Huyu akitua hukunja mabawa kama paa, anaonekana kama kabari ndogo, mabawa ya mbele kijani na ya nyuma meupe yaliyofichwa chini. Mabawa yakinyooshwa hayazidi sana sentimita 2. Kiwavi wake hutoboa vitumba vya pamba, na pasipo pamba hufurahia bamia na haibiskasi, kwa kuwa mimea hiyo mitatu ni ya ukoo mmoja.

Usihangaike sana na nondo ukutani, nenda kwenye bamia. Jike hutaga yai mojamoja kwenye ncha changa, kwenye vitumba vya maua na kwenye bamia ndogo. Kiwavi akitoka huingia ndani. Ncha ya mmea hunyauka na kuinama huku mmea wenyewe una maji ya kutosha, vitumba huanguka, na bamia huwa na tundu lenye kinyesi mdomoni, mara nyingi zimepinda. Pasua moja. Ukikuta kiwavi mfupi, wa kijivu na kahawia, mwenye vinundu vyenye ncha mwilini, ndiye huyo. Vile vinundu havichomi.

Akishaingia ndani, dawa ya kunyunyizia haimfikii, na hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Kinachofanya kazi kwenye shamba la mistari miwili ni mikono yako: vunja kila ncha iliyonyauka na kila bamia iliyotobolewa, uzitumbukize kwenye maji ya sabuni au uzifunge kwenye mfuko na kuuacha juani. Usizitupe kwenye mbolea, kiwavi atamalizia kukua huko. Vuna bamia kila baada ya siku mbili, zingali changa, usimpe nafasi. Shina zikizeeka, zing'oe zote kwa mara moja, usiache mbili tatu za kuchuma chuma. Kama una haibiskasi uani, ikague nayo. Ukitaka kuongeza kitu, dawa ya bakteria Bacillus thuringiensis huuzwa agroveti kwa majina mbalimbali. Huua kiwavi anayekula mahali iliponyunyiziwa na haidhuru watu wala nyuki, lakini inyunyize jioni kwa kuwa jua huiharibu, na iwe kabla viwavi hawajatoboa.

Utaona sijakuambia umtambue nondo kwa rangi. Kijani ni shahidi mbaya. Kwa wale wa Geometridae, rangi yenyewe ni dhaifu, unyevu na umri huigeuza kuwa manjano ya nyasi kavu, kwa hiyo nondo yule yule wa wiki jana leo anaweza kuwa wa njano. Earias nao hutofautiana, mmoja kijani, mwingine rangi ya majani makavu. Na kiwavi wa kijani hana lazima ya kuwa nondo wa kijani. Angalia ukubwa, jinsi anavyoshika mabawa akiwa ametulia, na mmea alio karibu nao. Hivyo vitatu vinatosha kukufikisha kwenye jamii, na jamii ndiyo inayokuambia kama uhangaike.

Hilo linatupeleka kwenye sukuma wiki. Viwavijeshi vamizi waliingia Afrika mwaka 2016 na Kenya mwaka uliofuata, na nondo wao ni wa kijivu na kahawia, hawana kijani hata kidogo. Shida yao kubwa ni mahindi. Matundu madogo madogo kwenye sukuma, mengine yakiwa na utando mwembamba wa ngozi ya jani uliobaki upande mmoja, kwa kawaida ni kazi ya Plutella xylostella. Kiwavi wake ni wa kijani, mdogo, na ukimgusa hujirusha kinyumenyume na kuning'inia kwa uzi. Akikua anakuwa kinondo cha kijivu ambacho hata hukukitaja, kwa sababu hakivutii macho. Jirani yako ameona kiwavi wa kijani na nondo wa kijani akawaunganisha.

Na huyo Plutella ndiye sababu nyingine ya kukuzuia kufungua chupa. Ni miongoni mwa wadudu wanaozoea sumu haraka kuliko wote duniani. Wakati huohuo ana adui: mwaka 2002 wataalamu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kasarani hapo karibu nawe, walianza kumwachilia mashambani nchini Kenya nyigu mdogo aitwaye Diadegma semiclausum, aliyeletwa kutoka Taiwan. Nyigu huyu hutaga ndani ya kiwavi wa Plutella, na mtoto wake humla kutoka ndani. Ukimwaga sumu kali kote, nyigu anakufa, na Plutella anabaki. Kwa sukuma yako, chuma majani ya chini mara kwa mara, ponda viwavi kwa vidole, na ukizidiwa tumia ile ile ya bakteria. Ukifika mahali unaona ni lazima dawa ya kemikali, hakikisha lebo ina nambari ya usajili wa PCPB (bodi ya serikali inayosajili dawa za wadudu) na imetaja mboga unayoipulizia, kisha usome siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Mtu anayechuma sukuma kila juma na dawa inayotaka siku kumi na nne, hao hawaendani.

Kunyunyizia ukuta ndio ushauri ninaoupinga kabisa. Nondo wanaokuja kwenye taa wametoka mtaa mzima. Ukiua hao, wa kesho watakuja kutoka kwingine, na sumu itabaki mahali mtoto anaegemea. Kwa nini wanafuata taa? Kwa muda mrefu ilidhaniwa wanaifananisha na mwezi. Mwaka 2024 watafiti waliochapisha picha za kamera za kasi walionyesha jambo tofauti: mdudu anayeruka usiku hugeuzia mgongo upande wenye nuru zaidi ili ajue juu ni wapi, kwani kwa kawaida nuru hiyo ni anga. Taa ikiwa kando yake, anajipinda kuielekea bila kukusudia, anazunguka na kuzunguka, hatoki. Suluhisho basi liko kwenye swichi. Weka balbu ya mwanga wa manjano ulio hafifu badala ya nyeupe yenye ubuluu, ielekeze chini, au tumia ile inayowaka mtu akipita. Watapungua, na Nairobi fly watapungua pamoja nao, jambo ambalo mimi ningelifanya kwa sababu hiyo peke yake.

Tena una mpapai. Nondo wa jamii ya Daphnis, wale wanaoelea hewani mbele ya ua jioni wakinyonya kwa mrija mrefu, ndio hubeba chavua ya mipapai mahali pengi. Mtafiti wa Kenya Dino Martins alilichunguza jambo hili kwenye mashamba ya mipapai humu nchini na kuonyesha kwamba wakulima walio karibu na vichaka vya asili hunufaika na nondo hao. Mpapai wako ukiwa ni jike, na dume liko kwa jirani, kuna mtu lazima apite usiku kati ya ua na ua.

Mvua zikiendelea utaona na wengine. Nondo mkubwa wa kijani kilichokoza, asiye na mabaka mengi, ambaye akishtuka hufunua mabawa ya nyuma ya manjano, ni Euchloron megaera, na viwavi wake hula mizabibu na jamaa zake wa porini. Mdogo wake kwa sura, Basiothia medea, ni nusu ya ukubwa huo. Ukiona mchana kitu kama nyuki mnene mwenye mabawa ya kioo na mwili wa kijani na njano kwenye maua, huyo ni Cephonodes hylas, na mibuni yako pia ni chakula cha watoto wake. Mwenye mikia mirefu ya kuburuzika, kijani cha limau, ni Argema, na ni mwenyeji zaidi wa nchi kavu zenye mikomifora kuliko mitaa yetu. Yule kijani mwembamba mwenye mabawa kama wavu na macho ya dhahabu si nondo kabisa. Mwache apite, watoto wake hula vidukari.

Ukitaka uhakika wa jina, piga picha ya nondo akiwa ametulia, kutoka juu kabisa, ukiweka shilingi kando yake bila kumgusa. Programu ya iNaturalist itakupa pendekezo, lakini lichukue kama pendekezo hadi mtu anayewajua nondo wa Afrika alithibitishe, maana hupenda kutaja aina za Ulaya. Makumbusho ya Taifa ya Kenya pale Museum Hill yana mkusanyo mkubwa wa wadudu na watu wanaoujua, na icipe nao wana wataalamu wa kutambua. Kwa bamia na sukuma, ofisa wa kilimo wa wadi yako atakusaidia zaidi ukimpelekea jani na mdudu ndani ya kopo kuliko ukimsimulia kwa simu.

Kwa kiwavi wa mibuni, nakuomba picha mbili kabla hujamtia kwenye ndoo: moja ya mgongo, moja ya jani alilokuwa akila. Na umwonyeshe kijana wako picha hiyo. Akimjua kwa sura atamwepuka mwenyewe, na hutahitaji kumkataza kupanda mibuni.